Hotpoti ya Sebuleni

Nianze na ushahidi. Ujumbe wa simu wa rafiki yangu ninao mpaka leo: "Nimekwama Mbuyuni. Ingia tu, shemeji yako amelala. Msosi upo mezani, jisevie usinisubiri." Mwenye akili timamu anionyeshe ni wapi hapo palipoandikwa meza ya jikoni.

Mimi ni mtu wa Masasi. Kazi ndiyo iliyonileta Moshi, na ukishasema hapa Moshi kwamba umetoka kusini, swali la kwanza si habari za safari, ni panya. "Eti kweli mnakula panya?" Nimeulizwa na konda, nimeulizwa na kinyozi wembe ukiwa shingoni, na mzee mmoja aliniuliza kanisani wakati wa kupeana amani. Nikazoea kujibu swali kwa swali: na ninyi damu je? Hapo wanacheka, halafu tunahamia kwenye Simba na Yanga.

Ndizi mbichi kwetu si mgeni, tunaiunga nazi na maisha yanaendelea. Lakini mtori sikuuelewa. Siku ya kwanza kuletewa, kwa mama ntilie mmoja jirani na stendi, niliona uji mzito wenye mfupa uliochomoza katikati. Nikadhani nimeletewa chakula cha mgonjwa wa meza nyingine. Yule mama akasema, "Onja kwanza, ndiyo ununie." Ni ndizi mshare zimechemshwa na nyama ya mifupa mpaka zikalegea, zikapondwa kwa mwiko, kitunguu, chumvi, basi. Hakuna nazi, hakuna mbwembwe. Nikaongeza bakuli. Wahaya wasinisikie, lakini tangu siku ile mimi kwenye ndizi niko upande wa Kilimanjaro. Kiburu ndiyo bado hatujaelewana. Ndizi na maharage vikishapondwa pamoja vikapoa, kila tonge linashuka kwa maombi. Na mbege, pombe yao ya ndizi, naipokea kwa adabu tu, napiga funda moja, natafuna punje za ulezi, nauvumilia uchungu wa gome la msesewe, narudisha kata kwa wenyewe.

Basi ile Jumamosi nilikuwa natoka kwenye kikao cha harusi, nimevaa shati jeupe la kukopesheka heshima, nikaona nipitie Pasua kwa rafiki yangu nikatoe hongera. Mkewe alikuwa amejifungua. Nina doti ya kanga na sabuni ya unga mkononi, njaa tumboni, na ule ujumbe kwenye simu.

Sebuleni, juu ya meza, hotpoti mbili zimefunikwa kitambaa cha kufumwa. Kubwa na ndogo. Nikafunua kubwa. Mvuke ulionipiga usoni ulikuwa wa mtori, na si mtori wa hotelini ule wa kuhesabiwa vipande. Huu nyama ilikuwa inasukumana, na siagi imetanda juu inang'aa. Nikajiambia, jamaa huyu anajua kumheshimu mgeni. Bakuli la kwanza lilikuwa la njaa. La pili lilikuwa la kuhakikisha. Baada ya hapo sikuona sababu ya kuacha kitu kidogo namna ile kikapoe bure, nikakwangua.

Hotpoti ndogo ilikuwa na kitu cha rangi ya kahawia iliyoiva, chembechembe kama maini yaliyosagwa, na mafuta yanaelea. Nikadhani ni mchuzi wa maini wa kuteremshia. Nikamimina kikombe. Kilikuwa laini, kina maziwa ndani, kina samli, na kwa mbali sana kina ladha ya chuma. Kizuri tu. Nikamalizia.

Nilikuwa nimeegemea kochi, mkono juu ya tumbo, mlango ulipofunguka. Mama yake rafiki yangu. Alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kumhudumia mkwewe, na alikuwa anatoka uani, mkungu wa ndizi umemlalia begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akautua mkungu. Akaitazama meza, akanitazama mimi, akairudia meza. Akanyanyua ile hotpoti kubwa, akaitikisa taratibu. Akafunua ile ndogo, akachungulia mpaka chini. Halafu akaniuliza kwa upole wa nesi wa kliniki:

"Umejifungua lini, baba?"

Sikuwa na jibu. Naye hakuhitaji jibu, akakaa akaanza kunifundisha. Kwamba Uchagani mzazi hachezewi: anakaa ndani, hashiki jembe, anakula mpaka watu wamsahau alivyokuwa mwembamba. Kwamba ule mtori niliokwangua ni wa kuteremsha maziwa. "Na hiki," akasema akinyanyua kile kikombe, "ni mlaso. Damu ya ng'ombe, maziwa na samli. Ni wa kumrudishia mzazi damu iliyopotea. Wewe yako imepotelea wapi?"

Tumbo lilikuwa limetulia kabisa mpaka lilipotajiwa jina. Liliposikia damu likageuka upande mmoja, likageuka wa pili, likaanza kuzungumza kwa sauti. Na huko chumbani nikasikia shemeji naye ameamka, anacheka na kulia kwa wakati mmoja: "Mama nyamaza, nakuomba, nyuzi zitaachia!"

Bibi akaniwekea kigoda, sufuria la maji, kisu na ule mkungu. "Mzazi atakula nini jioni?" Basi. Nikaanza kumenya. Wanaojua ndizi mshare wanajipaka mafuta mikononi kwanza, kwa sababu ya utomvu. Mimi hilo niliambiwa baada ya kumaliza. Utomvu hauna rangi unapotoka, ndiyo ujanja wake. Unakudondokea kwenye shati jeupe kama maji, unajifuta, unaendelea, na baada ya muda kila tone linajitokeza jeusi mahali pake. Viganja vikawa vya fundi gereji.

Na hapo ndipo akina mama wa jumuiya walipoanza kuingia kumwona mtoto, wakimkuta mwanaume mgeni uani, kigodani, anamenya ndizi huku akiinuka kila mara kukimbilia msalani. Bibi alisimulia upya kwa kila kundi, na kila kundi lilipata hadithi nene kuliko lililotangulia. Wa kwanza waliambiwa nimekula kidogo. Wa mwisho waliambiwa mlaso ulikuwa wa wiki nzima. Mama mmoja mnene alinitazama kwa huruma, akamgeukia bibi: "Na tumbo mmemfunga? Asipofungwa litabaki hivyohivyo." Mwingine akataka kujua kama nanyonyesha. Kanga zile nilizopeleka, mmoja akapendekeza nibaki nazo.

Rafiki yangu alirudi jua linazama, mfuko wa nyanya mkononi. Akapita moja kwa moja jikoni, nikasikia anafunua sahani. Akatokea mlangoni na ugali uliokauka na dagaa, amenuna.

"Mzee, mbona hujala?"

Shati lile lilikataa sabuni, likakataa jiki, sasa nafutia pikipiki. Kazini nako habari ilinitangulia, maana dada mmoja wa jumuiya ile mumewe tunafanya naye kazi. Jumatatu bosi aliniuliza mbele ya watu kama naomba likizo ya uzazi.

Hata hivyo mtu hawezi kula cha mzazi akakaa kimya. Msimu wa ming'oko ulipofika, mama yangu alinitumia mfuko kwa basi kutoka Masasi. Kwa asiyeijua: ni mizizi myembamba mirefu ya porini, unaichemsha na chumvi, unaimenya kwa vidole, unakula ukipiga soga. Nikachagua iliyo mizuri, nikapanda Hiace mpaka Kibosho. Bibi nilimkuta zizini ananyweshea ng'ombe, mikono imejaa. Nikamweleza, "Mama, hii unachemsha," ng'ombe akalia, bibi akasema aika, aika, weka pale. Nikaweka.

Zikapita siku, simu ikaita.

"Baba, ile mizizi yenu."

"Ndiyo mama. Umeionaje?"

"Nimeichemsha kama ulivyosema. Maji yake nakunywa asubuhi na jioni. Haya magoti yaliyonisumbua miaka yote, mwanangu, jana nimekwenda ibada ya kwanza kwa miguu na nikarudi kwa miguu."

"Na ming'oko yenyewe, mama?"

"Makapi? Si nimempa ng'ombe." Akashusha sauti. "Sikia. Kuna wamama wenzangu wawili hapa nao wana magoti. Unauzaje?"

Nikamwambia kiroba kiko njiani.