Alama Kumi za Dodoso Hazijawa Ugonjwa

Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wa Mbagala au Buguruni mara nyingi haendi zahanati kusema ana huzuni. Anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, usingizi haupo, ana mawazo mengi. Anapimwa malaria na mkojo, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, na baada ya muda anarudi na malalamiko yale yale. Kwa ajili ya mtu huyu, wanaotaka kila tabibu awe na dodoso la afya ya akili mezani, yaani karatasi ya maswali yenye alama, wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko upande wao.

Dodoso linalotajwa zaidi ni PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kati ya 27 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Tangu 2008, Shirika la Afya Duniani, kupitia mpango wake wa mhGAP, limekuwa likihimiza magonjwa ya akili yatambuliwe na wahudumu wasio mabingwa. Kwa Dar es Salaam hilo lina mantiki. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, na anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kila mara kuacha genge lake akashinde kwenye foleni Muhimbili.

Sasa tufanye hesabu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2019, uliolinganisha dodoso hili na mahojiano ya kina, ulionyesha kwamba alama 10 hunasa kama 88 kati ya kila watu 100 wenye sonona, na huwaacha salama kama 85 kati ya 100 wasio nayo. Chukua wagonjwa 100 kwenye foleni, 10 kati yao wakiwa na sonona kweli. Dodoso litanasa kama 9. Lakini kati ya wale 90 waliobaki, 13 au 14 nao watavuka mstari. Yaani wengi wa walionaswa hawana sonona: mmoja amefiwa, mwingine ana upungufu wa damu, mwingine kifua kikuu ambacho bado hakijagunduliwa, maana uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula havitokani na sonona peke yake. Alama 10 zinamwambia tabibu akae na mtu huyu amuulize zaidi. Akiandika dawa hapo hapo, amelitwika dodoso kazi lisiyoiweza.

Kinachonitia hofu zaidi ni ugonjwa wa hisia mseto, yaani baipola. Mgonjwa wake akija akiwa ameshuka, majibu yake yatafanana kabisa na ya mwenye sonona. PHQ-9 haina hata swali moja kuhusu ile wiki aliyokesha usiku baada ya usiku bila kuchoka, akiongea bila kituo, akigawa pesa na kukopa mtaji wa biashara tatu kwa mpigo. Mtu huyo akianzishiwa dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini peke yake, bila dawa ya kutuliza hisia, anaweza kupandishwa kwenye mania, yaani hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi. Hapo swali moja la ana kwa ana lina thamani kuliko jedwali zima: "Mama, kuna kipindi chochote ulikuwa na nguvu kupita kawaida, hata watu wa nyumbani wakakushangaa?"

Kwa saikosisi, yaani hali ya mtu kuona, kusikia au kuamini yasiyokuwepo, dodoso la sonona halisaidii chochote. Kijana anayeongea na watu wasioonekana huletwa na ndugu, pengine baada ya kupitishwa kwa mganga au kwenye maombi. Kazi ya kwanza ni mwili: joto, malaria, sukari, shingo iliyokakamaa, VVU, kifafa, pombe na madawa. Kama alianza juzi, hali inakuja na kuondoka, na hajui yuko wapi, ubongo wake unaweza kuwa unaathiriwa na ugonjwa wa mwili, na kucheleweshwa kunaweza kumuua. Skizofrenia, ugonjwa wa saikosisi unaodumu, haiandikwi kwenye cheti siku ya kwanza. Mwongozo wa kimataifa wa ICD-11 unataka dalili zidumu angalau mwezi mmoja, na DSM-5, mwongozo wa Wamarekani, inataka miezi sita ya mabadiliko. Wala kupandisha jini kwenye ngoma ambayo jamii yake inaielewa si ugonjwa kwenyewe. Ulizeni kama watu wake nao wanaona amebadilika, ameacha kazi, ameacha kuoga.

Wanaopinga madodoso husema kwamba maswali yaliyotungwa kwingine hayashiki lugha ya hapa. Hoja hii ni ya kweli, lakini jibu lake lipo. Watafiti wa Muhimbili, akiwemo Profesa Sylvia Kaaya, walishachapisha mwaka 2008 kipimo cha maswali 19 cha kutambua sonona kilichotengenezwa hapa nchini. Tatizo linarekebishika, na halitoshi kuwa sababu ya kuwaacha wagonjwa wasubiri bingwa ambaye hawatamfikia.

Kwa hiyo ningekubali dodoso zahanati kwa masharti: lije baada ya vipimo vya mwili, lifuatwe na swali la mania, na mgonjwa asikilizwe mara mbili, mara ya kwanza peke yake na mara ya pili na ndugu. Ndugu ndiye anayekumbuka yaliyotokea mwaka juzi, lakini hakuna mkwe atakayelia vizuri mbele ya mama mkwe. Swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, linahitaji faragha hiyo kuliko yote, hasa kwa kuwa Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kabla ya kusambaza karatasi, halmashauri zihakikishe chumba cha tabibu kina mlango unaofungika, na kwamba akipata jibu la "ndiyo" anajua ampigie nani mchana huo huo.