Gari Imetoa Kodi Tena

Taa ya cheki injini haina adabu. Haiwaki siku mshahara umeingia na gari imetoka sevisi. Inasubiri tarehe 24, foleni ya Ubungo, mshale wa mafuta umelala, shemeji kakaa kiti cha mbele. Hapo ndipo inajichora kainjini kadogo ka njano, na kila aliyemo ndani anageuka fundi. Shemeji anasema plagi. Mama wa kiti cha nyuma anasema oili. Fundi mwenyewe, ukimfikia, anachomeka mashine, anakunja uso kama anasoma barua ya msiba, anatamka: "Imetoa kodi," yaani namba ya kosa.

Kodi kweli. Unalipa kila mwezi na nyumba si yako.

Dawa ya kwanza ya gereji ni kulegeza terminal ya betri, kupiga soga dakika kumi, kurudisha. Taa imezima, watu wanapeana mikono. Lakini kwenye Toyota hizi zetu, IST na Vitz na wenzao, makosa mengi lazima yaonekane safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Kwa hiyo Jumatatu unashangilia, Jumatano kainjini kamerudi. Isitoshe, kontrol boksi, kompyuta ya injini, ilikuwa imeandika joto, mzunguko na mzigo wa injini pale kosa lilipotokea. Mwizi kaacha nyayo, wewe umepiga deki.

Kuna vimashine vidogo vya bluetooth vya kuchomeka chini ya dashibodi. Vizuri, ila gari nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani haziongei navyo. Simu inazunguka tu, "inaunganisha" mpaka chaji iishe. Hapo rudi kwenye njia ya wazee. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini namba 4 na namba 13 za soketi hiyohiyo kwa kipande cha waya, washa swichi bila kustati, uhesabu taa inavyokonyeza. Mbili, pumziko, tano: hiyo ni 25, mchanganyiko mwepesi, kosa ambalo mashine huliita P0171. Ikikonyeza haraka mfululizo bila kupumzika, haina la kusema. Pini 16 kaa nayo mbali: ina moto wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Sasa hiyo P0171 ndiyo imefilisi watu. Maana yake hewa imezidi petroli. Aliyeleta taarifa ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi, basi fundi anamtazama mleta taarifa, anasema huyu abadilishwe. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Gereji anauawa kila wiki, na mazishi anagharamia mwenye gari. Sensa mpya inafungwa, taa inalala siku nne, inaamka. Inafuata sensa ya hewa. Inafuata pampu. Mwishowe Ilala nzima wanakujua kwa jina, na ugonjwa umekaa palepale, kwenye mpira.

Mpira upi? Ule mweusi wenye mikunjo kama akodiani, unaotoka boksi la ea klina, chujio la hewa, kwenda throto, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Ukiutazama kwa juu ni mzima, tena unang'aa, maana muosha magari kaupaka silikoni. Uvue. Ukunje kwa vidole kama unavyokagua kola ya shati la mtumba, ufungue mikunjo ya upande wa chini mmoja mmoja. Ufa utakuchekea. Sensa inayohesabu hewa imekaa mlangoni, kwenye boksi la ea klina. Hewa inayoingilia kwenye ufa imepita mlango wa uani, haikuandikwa. Kontrol boksi inapika petroli ya watu watatu, mezani wamekaa wanne. Na maunti, zile raba zinazoshikilia injini, zikichoka ni balaa zaidi: ukikanyaga mafuta injini inayumba, ufa unafunguka, ukiegesha gereji unajifumba, gari inatulia kama mtoto aliyelia homa usiku kucha halafu zahanati anacheza na stetoskopu.

Mpira ukiwa mzima, ndipo uulize mashine kontrol boksi inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Gari yenye afya inacheza chini ya 10. Ikiwa kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ni 20 na kitu, ukipandisha mzunguko hadi 2,500 inashuka kuelekea sifuri, kuna hewa inaingia baada ya throto: kimpira cha PCV, kile kinachorudisha mvuke wa injini, kimekauka, au gasketi ya manifoldi. Ikiwa sailensa ni tulivu ila inapanda ukiikamua mlimani, geukia petroli: filta, pampu, nozeli. Injini ya 1NZ, ile ya cc 1,500 ya IST, inataka presha ya kama psi 44 hadi 50. Hizi gari za kujaziwa elfu tano elfu tano zinaua pampu, kwa sababu petroli iliyomo kwenye tangi ndiyo inayoipoza.

Sensa ya hewa yenyewe mara nyingi inataka kuoga tu. Inafungwa kwa skrubu mbili. Tumia spreyi yake maalumu, siyo ya breki, na usiiguse kwa kidole wala kitambaa. Nyuzi zake ni nyembamba kama unywele. Iache ikauke kabisa ndipo uirudishe. Anayeichafua ni ea klina iliyopulizwa kwa kompresa ya wapiga pancha mpaka karatasi imetoboka.

Siku nyingine mashine inasema joto la injini ni nyuzi −40. Dar es Salaam. Januari. Kabla hujamtafuta mwenye makoti, angalia soketi ya sensa ya joto la maji: imechomoka au waya umekatika. Ikisoma 140 asubuhi injini haijawashwa, waya zimegusana. Sensa yenyewe ipime kwa mita; iliyo nzima inasoma kama omu 2,300 hadi 2,600 kwa nyuzi 20, na kama 320 kwa nyuzi 80.

Kuna na huyu anayetoa thamostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, "kaka, huku kwetu joto, haina kazi." Ina kazi. Inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 ili injini iwahi kupata moto. Ikitolewa, zile gari zenye taa ya bluu ya ubaridi zinatembea nayo mpaka Kibaha, kontrol boksi inadhani bado ni alfajiri, inaongeza petroli. Mafuta yakinywewa, analaumiwa nani? Sensa ya oksijeni.

Kuosha injini kwa presha sina la kusema, nitatukana. Maji yanalala kwenye mashimo ya plagi, kesho yake gari inamisi, P0301, yaani silinda ya 1 haichomi. Kausha kwanza, kisha hamisha koili, inayopeleka umeme kwenye plagi, ya silinda ya 1 iende ya 2. Kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Likibaki, tazama plagi, mwanya uwe milimita 1.1 kwa zile zenye 11 mwishoni mwa namba.

Halafu unakwenda kununua nyingine, maana hii imekuchosha. Muuzaji anasema safi kabisa, haina taa hata moja. Washa swichi bila kustati, uangalie dashibodi: oili imewaka, betri imewaka, ea begi imewaka, kainjini hakapo. Muulize. Atakujibu bila kupepesa kwamba hii modeli haikuja nayo kutoka Japani.