Miaka 45 na bado naomba ruhusa kwa mzee

Jamani mimi ni marehemu, nimekufa miaka elfu mbili na mia nne na ushee iliyopita, nimejilalia zangu chini ya udongo wa Roma, ila kuna watu hawataki nipumzike. Kila saa nasikia oh Warumi walikuwa na sheria, Warumi walikuwa wanapiga kura, mfano wa kuigwa. Warumi gani hao?? Mimi nilikuwa mplebei, mlalahoi wa kawaida, ngoja niwaambie.

Tuanzie nyumbani. Nina miaka 45, ndevu zina mvi, watoto wanne, na sina hata kuku wa kwangu. Sio umaskini, ni sheria. Mzee akiwa hai kila kitu chake, shamba lake, ng'ombe wake, nikiokota hela njiani ni yake, na mimi mwenyewe ni wake, akiamua kuniua anaweza, akiamua kuniuza ananiuza. Walipokuja kuandika sheria kwenye vile vibao 12, mwaka 450 KK, wakaona watuonee huruma, wakaweka kwamba baba akimuuza mwanae mara tatu basi mtoto anakuwa huru. Mara tatu! Yaani zile mbili za kwanza alikuwa anajaribu bei. Na usidhani cheo kinasaidia, konsuli mwenyewe, kiongozi mkuu wa nchi, mtu anayetanguliwa na walinzi 12 wamebeba mafungu ya fimbo na mashoka, kama baba yake yupo hai basi hana mali, shikamoo anatoa na hela ya matumizi anaomba.

Majina ndo usiseme. Ukisimama sokoni ukaita "Marcus!" wanageuka nusu ya soko. Mabinti wanaitwa jina la ukoo tu, ukoo wa Claudius basi Claudia, akizaliwa mwingine naye Claudia, wa tatu Claudia. Mama akiita wanakuja wote au haji hata mmoja.

Sasa hiyo kura mnayoisifia. Wanasema mfalme Servius Tullius ndo alitupanga kwa mali, vikundi 193, kila kikundi kura moja. Unasikia kabisa imekaa vizuri. Basi siku ya uchaguzi naamka jogoo hajawika, natembea mpaka uwanja wa Mars nje ya mji, maana sisi wapiga kura tunahesabika kama jeshi na jeshi haliruhusiwi kukusanyika ndani. Radi ikipiga, miungu imekataa, rudini kwenu. Isipopiga, wanaanza kuita. Wenye farasi, vikundi 18. Matajiri wa daraja la kwanza, 80. Piga hesabu hapo, 98, na wakishakubaliana wao kwa wao wingi umepatikana, mtangazaji anakohoa anasema jambo limepita, kwaherini. Mimi wa daraja la tano nimesimama juani na kibuyu cha maji kimeisha zamani, HATA KUITWA sijaitwa. Tangu nizaliwe nimeenda kupiga kura mara nyingi tu ila kupiga sijawahi.

Ila vita ikija, ahaa, hapo hawanisahau. Na silaha unajinunulia, matajiri wanakuja na ngao na mavazi ya shaba wanang'aa kama sufuria mpya, sisi daraja la tano tumeandikiwa kombeo na mawe. Mawe jamani! Naenda kupigana na mtu ana mkuki mimi nimejaza mawe kwenye nguo kama mtoto anayefukuza ndege shambani. Mshahara hakuna, walikuja kuanza kulipa askari mwaka 406 KK, mimi nishaoza. Unarudi unakuta adui kachoma ngano, kodi ya vita inakusubiri, mzee anakimbilia mkopo kausha damu kwa mpatrisia, yaani bwana mkubwa wa ukoo wa kitajiri, na dhamana sio shamba, dhamana ni mwili. Mwili wa nani? Wangu. Mzee kakopa, anayelima kwa mdai ni mimi.

Ndo maana mwaka 494 KK tukachoka. Hatukupiga mtu, tulibeba uji wetu wa ngano tukaondoka zetu, tukaenda kukaa Mlima Mtakatifu, kama kilomita 5 hivi kutoka mjini, tuone watapigana na nani na nani atawalimia. Seneti, lile baraza la wakubwa, ikamtuma Menenius Agrippa, mzee mwenye maneno yake, akatupa hadithi eti viungo vya mwili viligoma kulisha tumbo, mwishowe mwili mzima ukadhoofu. Mimi uji umeisha tangu jana, mtu ananihadithia tumbo! Na tumbo lenyewe akasema ndo seneti. Nikamgusa jirani yangu, nikamwambia angalau kakiri.

Lakini tulipata kitu, wakatukubalia matribuni, watetezi wetu wenyewe, ukiwagusa umelaaniwa, na konsuli akitaka kukuonea tribuni anamwekea mkono, hapana. Nimeshuka mlimani kifua mbele, naimba njia nzima, nafika mlangoni mzee kasimama.

"Nani kakupa ruhusa ya kugoma?"

Nikamwambia shikamoo baba, siku hizi tuna matribuni.

Akaangalia nyuma yangu, kulia, kushoto. "Yuko wapi? Amekuja na jembe lake au nimtafutie?"

Tukalima mpaka giza.