Kilichomshinda ni Kifungo

Wiki ya kwanza ya shule, mwanangu alirudi nyumbani amevaa kaptula isiyo yake. Ile ya sare ilikuwa ndani ya begi, imeviringishwa, imelowa. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari la mawasiliano kwamba mtoto afundishwe kuomba ruhusa mapema. Nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia aliomba, akaruhusiwa, akafika chooni, halafu "mkanda ukakataa."

Nikaikunjua ile kaptula nikaikagua. Mkanda wenye bizimu. Kulabu ya chuma. Kifungo kwa ndani. Zipu. Milango minne kwa mtoto wa miaka minne aliyebanwa na mkojo! Hata mimi ningechelewa.

Nilitaka kuilaumu sare, na nitailaumu baadaye, lakini kwanza ilibidi nijiulize nani anamvalisha pale nyumbani. Ni mimi. Gari la shule linapita kwetu Tabata saa 11:40 alfajiri. Mtoto yuko nusu usingizini, mikono juu, mimi nafunga vifungo, dada yuko chini anavuta soksi. Dakika tatu kazi imekwisha. Kiswahili kinajua kwamba kuvaa ni jambo moja na kuvalishwa ni jambo jingine, na huyu mtoto miaka minne yote amevalishwa tu. Jumamosi ukimwachia muda avae mwenyewe, unamwonea huruma kabla hajafika kifungo cha pili, unamaliza wewe. Mimi ndivyo nilivyokuwa.

Ndiyo maana nikamshonea mdoli wa kujifunzia kuvaa, wenye nguo za kufunga na kufungua. Mdoli hana gari la kuwahi.

Midoli ya aina hii inauzwa mtandaoni, na mingine ni mizuri kweli. Niliyoiona mimi mingi ni dubu waliovaa ovaroli, na majaketi yenye vifungo vya mbao. Sasa nani anavaa ovaroli Dar es Salaam kwa joto la Februari? Mwanangu anavaa shati la shule, kaptula na viatu vya kamba, na Ijumaa anavaa kanzu yenye kifungo kidogo na kitanzi shingoni. Binti wa jirani anavaa gauni lenye zipu mgongoni na anataka kufunga kanga kama mama yake. Kitu cha kujifunzia kivae tunachovaa sisi. Mdoli wangu kwa hiyo ana shati, kaptula yenye zipu na mkanda, kanzu, viatu vya kitambaa vyenye kamba, na kipande cha kanga kuukuu cha kufunga lubega au kilemba, kwa sababu kupiga fundo nako ni ufundi na hakuna dubu wa mtandaoni anayeufundisha.

Baba yake aliponiona nashona aliguna: mtoto wa kiume na midoli wapi na wapi? Nikamwambia kuna daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Alitengeneza fremu za mbao zenye vitambaa viwili vinavyokutana katikati: fremu moja ya vifungo, nyingine ya kamba, nyingine ya bizimu. Mtoto, awe wa kike au wa kiume, anafanya mazoezi mezani kwanza, mwili wake baadaye. Hakushtuka sana. Nikamkumbusha jambo la hapa hapa: Wazaramo, wenyeji wa mji huu, walikuwa na mwana hiti, mwanasesere wa mti ambaye mwali alipewa akiwa amewekwa ndani, amtunze kama mtoto wake. Wazee walijua kwamba mikono hujifunza kwa kitu kabla ya kujifunza kwa mtu. Akasema lakini huyo alikuwa wa wasichana. Kweli, hapo alinishika. Nikaendelea kushona.

Mwili niliukata kwenye suruali ya jinzi ya mtumba, maana kitambaa laini kinavutika ukikivalisha. Ndani nikajaza sufi. Sufi ni nyepesi na ni rahisi kupata, lakini ikilowa inafanya mabonge na haikauki upesi, hasa masika. Kwa hiyo nikajiona mjanja, nikaweka zipu mgongoni mwa mdoli ili niwe naitoa sufi kabla ya kufua. Siku mbili tu mtoto alikuwa ameimudu ile zipu. Nilirudi kutoka kazini nikakuta sebule nzima nyeupe, sufi mpaka kwenye feni, na mwanangu anacheka na mdoli aliyesinyaa. Mgongo sasa nimeushona kwa mkono. Siku ya kufua nafumua.

Shughuli hasa iko kwenye vifungo. Nilinunua Kariakoo vikubwa, bapa, vyenye matundu manne, maana vile vidogo vya duara vinateleza vidoleni. Fundi wa mtaani kwetu aliniambia, "Dada, lete nikupigie kwa cherehani, hapo unajitesa," nikamwachia atoboe na kushona matundu ya shati, nikimsihi ayapanue kuliko kawaida yake. Vifungo vyenyewe nilishona mimi. Siri ni njiti ya kiberiti: unailaza juu ya kifungo, unapitisha uzi juu yake, ukimaliza unaichomoa, kisha unazungushia uzi chini ya kifungo mpaka kipate shingo. Kifungo kilichokandamizwa kwenye kitambaa hakina pa kushika. Chenye shingo kinasimama, kidole kinaingia chini yake. Nguo nyingi za watoto za madukani hazina hiyo shingo, na sisi tunamwambia mtoto ni mvivu.

Kosa langu kubwa halikuwa kwenye kushona. Kwa wiki nzima mtoto alimkalisha mdoli mbele yake wakitazamana, akamfunga vifungo vizuri, nami nikawapigia simu mashangazi. Nikampa shati lake mwenyewe, akakwama kabisa. Mdoli akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na kifungo unakiona kutoka mbele wakati chako unakitazama kutoka juu. Dawa ikawa kumpakata: mdoli anakaa mapajani, mgongo wake kwenye kifua cha mtoto, wote wanatazama upande mmoja. Hapo mikono ikafanya kwa mdoli kile kile inachofanya kwa mwenyewe.

Halafu anza na kufungua. Kufungua ni rahisi kuliko kufunga, na kule chooni kufungua ndiko kunakookoa. Kamba za viatu ziache mwisho, wengi hawaziwezi kabla ya miaka mitano au sita. Mimi nimeweka moja nyekundu na moja nyeusi ili nikisema "nyekundu ipite chini" anielewe. Na kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu, vuta kila kifungo kwa nguvu zako zote kabla hujampa, kwa sababu kitaishia mdomoni. Kamba nazo ziwe fupi, zisiweze kuzunguka shingo.

Sasa niilaumu sare. Walimu wa awali wana watoto wengi, hawawezi kumfungulia kila mmoja mkanda, naelewa. Ila aliyeamua kwamba mtoto wa miaka minne avae mkanda wenye bizimu juu ya kulabu hakuwahi kumpeleka mtoto chooni. Lastiki ipo. Mkanda usubiri darasa la kwanza.

Miezi miwili imepita. Mwanangu anafunga shati lake, mara nyingine akiruka tundu moja, ukosi mmoja ukawa juu ya mwenzake. Bizimu anaiweza. Kulabu bado, na sidhani mdoli atamsaidia, kwa sababu kulabu ndogo za namna hiyo zinahitaji nguvu ya vidole ambayo hana. Kwa hiyo nimeing'oa. Kiunoni mwa kaptula ya shule nimepitisha lastiki, kifungo nimekishona juu kama urembo, na mkanda unapita palepale pa siku zote. Mwalimu bado hajagundua.