Kijani Si Ndiyo Twende?

Mimi ni mtu wa vipimo. Tangi langu la samaki, lita 60, liko sebuleni hapa Makorora, Tanga, limesheheni majani ya majini mpaka wageni huuliza kama nafuga au nalima. Ndani mna gapi 14, visamaki vidogo vya mapambo. Kila jioni nachota maji kwenye kichupa, nadondosha matone 8 ya dawa ya kwanza, 8 ya pili, natikisa, nasubiri dakika 5, kisha nakiinua kwenye taa. Mke wangu huniita Dokta, na si kwa heshima.

Jumatatu niliosha sponji ya filta. Ilikuwa na ute wa kahawia, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Pangani, nikaona haya. Nikaisugua kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa. Kumbe ule ute ndiyo nyumba ya bakteria wanaoila amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. Klorini ikawafagia huku mimi napiga mluzi.

Jioni nikapima amonia: kijani kwa mbali. Nikafurahi. Kijani si ndiyo twende? Jumanne kikakolea, nikaandika daftarini "Safi". Jumatano kikawa kama kisamvu. "Safi sana."

Jumatano hiyohiyo mama mkwe akaingia. Shikamoo, marahaba, moja kwa moja kwenye tangi. Amezaliwa nyumba ya wavuvi. Samaki huwatazama kama fundi anavyotazama gari lililotengenezwa na mwenzake.

"Baba Salma, hawa mbona wanatweta?"

"Wanaomba chakula, mama."

"Midomo juu ya maji hivi? Hawa hewa imewashinda."

Nikamletea kichupa. "Vipimo viko sawa, mama. Kijani kabisa."

Akakitazama kichupa, akanitazama mimi, akanyamaza. Mwenye mama mkwe anaujua ukimya huo.

Alhamisi asubuhi wawili walikuwa wamelala ubavu. Silikanti, wale samaki wa kale, walidhaniwa wametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, na bado wanadunda kwenye vilindi vya Tanga yetu hii. Wangu hata Ijumaa hawakuiona. Nikampigia aliyeniuzia.

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kaka! Njano ndiyo sifuri! Kadi ya rangi inasemaje?"

Kadi. Kadi nilikuwa nimeikunja mara nne nikaisokomeza chini ya mguu wa meza, tangi lisiyumbe.

Mke wangu akainua kona ya meza, mimi nikalala kifudifudi nikavuta. Maji yakasogea upande mmoja taratibu, kwa adabu zote, kisha yakammwagikia mama mkwe aliyekuwa mkekani anakunywa chai. Gapi mmoja akatua kwenye sahani ya vitumbua. Mama akamwokota kwa vidole viwili, akamrudisha tangini, kikombe bado mkononi.

Kadi ikasomeka: kisamvu changu ni 4.

"Toa nusu ya maji," simu ikasema, "weka yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha, klorini iwe imetoka."

"Nusu imeshatoka," nikajibu.

"Kwa hiyo nimemwagiwa dawa?" mama akauliza.

Maji yaliyolala yalikuwa ndoo moja tu, bafuni, aliyokingiwa mama tangu jana. Nikasimama mlangoni nikiona aibu kuigusa.

"Chukua, baba," akasema, akikamua khanga. "Mimi nimeshaoga."