Kobe 4: Tunabishana kuhusu shingo, tunaisahau soli

Mtu akiingia uwanjani na raba ya kikapu yenye shingo fupi, isiyofunika kifundo cha mguu, hakosi wa kumwambia, "Hiyo itakuvunja mguu." Nimelisikia hilo kwa makocha, kwa wazazi wanaowanunulia watoto viatu, hata kwa mawinga, yaani madalali wa soko la Kariakoo, wenye jozi ndefu iliyowadodea. Kiatu kilichouchochea ubishi huu kuliko kingine ni Nike Kobe 4, kilichotoka mwishoni mwa 2008. Nataka kukipima kwa macho ya mtu anayecheza kwenye saruji, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakochezea.

Kobe Bryant, nyota wa timu ya Lakers katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ambaye kiatu kimebeba jina lake, alikulia Italia, ambako baba yake alikuwa akicheza kikapu, na mtoto akakua akipenda soka. Aliona kwamba wachezaji wa soka hukata kona kali mno, ilhali viatu vyao vinaishia chini ya kifundo. Akamtaka mbunifu Eric Avar amtengenezee cha namna hiyo kwa ajili ya kikapu. Lilikuwa ombi zito, kwani kiatu cha kikapu kilizoeleka kupanda juu ya kifundo tangu enzi za Converse All Star ya turubai, ya 1917. Avar aliikata shingo, akapitisha nyuzi nyembamba za Flywire ubavuni mahali ambapo zamani pangeshonwa ngozi nene, na nyuma akaweka kikombe kigumu cha plastiki kinachokishika kisigino kisicheze. Kiatu kizima kikafikia takribani gramu 330. Februari 2, 2009, Kobe alifunga pointi 61 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akiwa amekivaa, na Juni mwaka huo Lakers wakatwaa ubingwa.

Kwa upande wa umbo, basi, sina ugomvi nacho. Ni kiatu kilichofikiriwa. Kila kilichoondolewa kiliondolewa kwa sababu.

Hofu ya kifundo je? Mwaka 1993 watafiti huko Oklahoma, Marekani, walichapisha matokeo ya wanafunzi 622 wa chuo waliogawiwa viatu virefu na vifupi, wakacheza msimu mzima. Hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika kuteguka. Wenye kutetea shingo ndefu wana haki ya kujibu kwamba walioteguka walikuwa 15 tu, idadi ndogo mno kufunga mjadala. Wana haki pia ya kukumbusha kwamba Kobe mwenyewe alikata kano ya kisigino Aprili 2013 akiwa na kiatu kifupi, na kiatu chake kilichofuata, Kobe 9 Elite, kikapanda juu kama buti la bondia.

Hata hivyo, mimi bado nasimama na wanaosema shingo ndefu haizuii kuteguka. Utafiti mwingine, wa Australia, uliochapishwa 2001, ulionyesha kwamba karibu nusu ya majeraha ya kifundo hutokea mtu anapotua, na kwamba aliyewahi kuteguka yuko katika hatari ya karibu mara 5 ya yule ambaye hajawahi. Ndivyo ilivyo uwanjani. Unaruka kudaka ribaundi, unashuka, mguu wako unatua juu ya kiatu cha mwenzako. Uzito wote wa mwili ukishaelemea upande mmoja, kipande cha kitambaa juu ya kifundo hakina ubavu wa kuuzuia. Kwa mtu aliyewahi kuteguka, namshauri afunge bandeji vizuri na kuimarisha misuli kabla ya kutafuta kiatu kirefu.

Soli ndiyo inayonipa mashaka. Kobe 4 ya kwanza ilikuwa na povu jepesi la Lunarlon mbele na mfuko wa hewa wa Zoom Air kisiginoni, vyote vimewekwa chini kabisa ili mguu ukae karibu na sakafu. Kwenye sakafu ya mbao ya ukumbini, hiyo ni raha: unahisi uwanja, unageuka bila kuyumba, na sakafu yenyewe inanyumbuka kidogo unapotua. Saruji hainyumbuki. Kila unachokosa chini ya kisigino, goti linakilipa.

Kisha kuna msuguano. Niligeuza kiatu changu cha kulia wiki iliyopita, cha kampuni nyingine kabisa lakini cha aina hiyohiyo ya raba laini ya ndani ya ukumbi. Kisiginoni mistari ya soli bado imesimama, kucha inanasa ukiipitisha. Chini ya kidole gumba, mahali ninapojizungushia kila ninapombadilishia beki mwelekeo, pamelainika kama sabuni iliyotumika. Nilikuwa nimekivaa miezi minne. Mchanga mwembamba juu ya saruji unafanya kazi ya msasa, na raba laini inayong'ang'ania mbao ndiyo inayoliwa haraka zaidi huko nje.

Tukija kwenye bei, Kobe 4 iliuzwa dola 120 mwaka 2008. Iliporudishwa sokoni 2019 ilikuwa dola 175, zaidi ya shilingi laki nne za Tanzania kwa wakati ule. Sehemu ya pesa hizo inalipia ufundi wa kweli, na sehemu inalipia jina. Mchezaji Stephon Marbury aliliweka hilo wazi mwaka 2006 alipoingia nayo NBA raba yake ya Starbury, iliyouzwa dola 14.98, akacheza nayo dhidi ya watu wenye viatu vya bei mara kumi yake. Tangu Kobe alipofariki Januari 26, 2020, jozi zake zimekuwa pia mali ya kukusanywa, na kopi zimejaa. Kopi huiga rangi na nembo, lakini povu lililomo ndani haliigwi kirahisi.

Kwa hiyo, kwa mchezaji mwenye ukumbi wa mbao na pesa ya kutosha, Kobe 4 halisi inastahili, na asitishwe na shingo yake. Kwa kijana wa uwanja wa saruji ningesema atafute kiatu kifupi chepesi cha bei ya kati, akigeuze kabla ya kukijaribu, na kucha ya kidole gumba aikandamize kwenye raba ya mbele. Ikizama kwa urahisi, akirudishe kwenye meza.