Moto wa kambini una mwenyewe

Nimekulia Mwanza, sasa naishi kaskazini mwa California, na kuna jambo moja ninalotamani nyumbani tulipe uzito unaopewa huku: moto wa kambini. Hapa ukitaka kuwasha moto kwenye ardhi ya serikali nje ya maeneo rasmi ya kambi, unatakiwa uwe na kibali. Hakilipiwi. Unatazama video fupi mtandaoni, unajibu maswali, unakipata. Lakini ukishakichukua, moto ule ni wako mpaka upoe. Unafagia majani makavu mita moja na nusu kuuzunguka, beleshi na maji vinakuwa karibu, na mtu mzima habanduki hapo. Ukame na upepo vikizidi, mamlaka zikapiga marufuku moto, kibali chako hakikusaidii kitu.

Kilichonigusa zaidi ni namna wanavyouzima. Unamwaga maji, unakoroga majivu kwa beleshi, unamwaga tena mpaka makaa yaache kulia, kisha unasogeza kiganja. Ukihisi joto hata kidogo, bado hujazima.

Sasa njoo kwetu. Sikukuu za Saba Saba na Nane Nane, Julai na Agosti, zinaangukia kiangazi, nyasi za kwenye miamba zimekauka. Watu wanashuka ufukweni na sato wao, wanawasha moto asubuhi ziwa likiwa limetulia. Ikifika alasiri, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na cheche zinaelekea huko huko, kwenye nyasi na nyumba za mlimani. Jioni makaa yanafukiwa mchangani. Mchanga unayaficha tu. Yanaweza kukaa na moto kwa saa nyingi, na mtoto anayepita peku hana habari. Maji ya ziwa zima yako hatua chache kutoka hapo! Hili linaniuma kweli.

Wala msiniambie haya ni ya nchi zenye misitu mikubwa. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua siku kadhaa, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilisema moto ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakiandaa chakula cha wageni.

Ila sikubaliani na wanaosema sisi hatujui kutunza. Wasukuma tuna ngitili: mvua zikianza eneo linafungwa, nyasi zinaachwa zikue ziwe malisho ya kiangazi, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anajibu mbele ya dagashida, baraza la jadi la kijiji. Hakuna askari aliyetumwa kutoka mjini. Na moto ukilipuka, kijiji kizima kinatoka na matawi mabichi. Mtaani kwangu huku, tukiona moshi tunapiga simu na kusubiri zimamoto.

Basi ninyi mnaokodisha fukwe, na mnaopeleka wageni visiwa vya Saanane na Rubondo, nawasihi: wekeni dumu la maji na beleshi kila panapochomewa samaki. Na kabla kiberiti hakijawashwa, atajwe mtu mmoja kwa jina, asikike na wote, kwamba yeye ndiye ataondoka wa mwisho.